Kauli ya Jaji Mkuu na Milango ya Eastlands

Jaji hufunzwa kusema kwa hukumu yake tu. Akitoka mahakamani hufunga kinywa, asije akaambiwa ana upande. Ndiyo ada ya kazi hiyo tangu zamani, na ni ada yenye hekima ndani yake. Kwa hiyo siku jaji wa cheo cha juu anaposimama mbele ya vipaza sauti na kuuhutubia umma mzima, yatupasa sisi raia tutege masikio, na tujiulize ni jambo gani lililomfika hata akaiacha ada hiyo.

Siku kama hiyo ilikuwa tarehe 8 Juni 2020. David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya, aliwaita waandishi wa habari katika jengo la Mahakama ya Juu jijini Nairobi akasoma kauli ndefu iliyomtaja Rais wa Jamhuri waziwazi. Hakutukana, wala hakupaza sauti. Alisema kwamba Tume ya Huduma za Mahakama ilikuwa imeteua majaji 41 tangu mwaka 2019, na Rais hakuwa amewaapisha. Alisema kwamba mahakama ilikwisha kuamua kuwa Rais hana hiari katika jambo hilo, na uamuzi huo haukutekelezwa. Alilalamikia pia agizo la serikali la kupanga wizara na idara, ambalo lilizungumza juu ya Mahakama kana kwamba nayo ni idara mojawapo chini ya Rais. Kisha akatoa onyo: mkuu wa nchi akipuuza amri za mahakama, demokrasia ya kikatiba haisalimiki, na mwisho wa njia hiyo ni nchi isiyo na sheria.

Serikali nayo ilikuwa na hoja yake, na haki yataka tuitaje. Rais Uhuru Kenyatta alidai kwamba baadhi ya walioteuliwa walikuwa na dosari za uadilifu kwa mujibu wa taarifa za idara ya ujasusi. Mahakama Kuu iliipima hoja hiyo mwezi Februari 2020 ikasema kwamba mwenye jukumu la kuwachuja majaji ni Tume; kazi ya Rais ni kuwaapisha. Mtu aweza kuupenda uamuzi huo au asiupende. Akishindwa, njia aliyonayo ni kukata rufani. Kunyamaza na kukaa na majina mezani si rufani.

Msomaji wetu wa Lamu, Malindi au Likoni huenda akauliza: yanatuhusu nini sisi haya ya wakubwa wa Nairobi? Jaji na Rais wakigombana, mama mwenye kupika viazi vya rojo apate ada ya shule atapata nini, na atakosa nini? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika hesabu ya wale 41. Kati yao 11 walikuwa wa Mahakama ya Rufani, 10 walikuwa wa mahakama ya mashauri ya ajira, na 20, yaani karibu nusu, walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hiyo ndiyo mahakama anayoikimbilia mtu anapoambiwa kwamba nyumba anayolala si mahali pake. Jaji mmoja asipoapishwa, kuna mamia ya mafaili yanayongoja kwenye rafu, na ndani ya kila faili mna familia.

Ili tulione hilo kwa macho, tuondoke penye vipaza sauti twende Eastlands, ule upande wa mashariki wa Nairobi wenye mitaa ya Pumwani, Muthurwa, Shauri Moyo, Kaloleni, Kariobangi, Kayole, Dandora na mingineyo. Turudi nyuma wiki tano tu kabla ya ile kauli ya Jaji Mkuu.

Tarehe 4 Mei 2020 Waislamu walikuwa katika saumu ya Ramadhani. Nchi nzima ilikuwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya korona. Hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Nairobi. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha. Asubuhi ya siku hiyo matingatinga yaliingia Kariobangi, katika mtaa ulio karibu na mitambo ya majitaka, yakiwa na ulinzi wa polisi. Nyumba za maelfu ya watu zikabomolewa. Kampuni ya maji ya jiji ilidai ardhi ni yake. Wakazi walisema wana stakabadhi zao na wameishi hapo miaka mingi. Ugomvi wa namna hiyo ndio hasa kazi ya mahakama kuusuluhisha, na kwa hakika mahakama ilikuwa imekwisha kuingia kati, ikatoa amri ya kuuzuia ubomoaji. Matingatinga hayakuisoma.

Hebu tufikiri juu ya usiku ule. Serikali inamwambia mama abaki nyumbani yeye na wanawe asije akaambukizwa, na serikali hiyohiyo inamwondolea nyumba. Ikifika saa moja jioni polisi wanamwambia aingie ndani. Aingie ndani ya nini? Wapo waliolala chini ya maturubai kwenye matope, na wapo waliohifadhiwa na majirani katika vyumba ambavyo tayari vilikuwa havitoshi. Siku mbili baadaye, tarehe 6 Mei, serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa kwa muda wa siku 15, na hapo ndipo wengi wetu huku Pwani tulipoanza kuonja maana ya kuamriwa na kufungiwa bila kuulizwa. Lakini sisi wa Mji wa Kale tulifungiwa ndani ya nyumba zetu. Wa Kariobangi hawakuwa na nyumba ya kufungiwa.

Basi Maraga aliposema tarehe 8 Juni kwamba amri za mahakama zinadharauliwa, wanasiasa walisikia ugomvi wa ikulu na mahakama. Sisi tunaamini kwamba mtu wa Kariobangi angesikia jambo jingine kabisa, maana yeye alikuwa na amri mkononi na kifusi mbele yake. Kudharauliwa kwa amri huanzia juu kwa majina ya majaji yaliyokaa mezani, na huko chini hufika kwa sura ya tingatinga. Afisa mdogo wa wilaya hatishiki na karatasi ya mahakama ikiwa amemwona mkubwa wake akiiweka kando na hakuna lililompata.

Tutumie nafasi hii kumkumbusha msomaji kwamba Eastlands si ugenini kwetu. Pumwani iliwekwa na serikali ya kikoloni mapema katika miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika mjini Nairobi, na miongoni mwa waliojenga nyumba zake za udongo walikuwamo Waswahili na Waislamu wengi, waliofika na misafara, na reli, na vita vya kwanza vya dunia. Kabla ya hapo palikuwa na vijiji vyao vilivyotawanyika, kimoja kikiitwa Mombasa, kingine Pangani, kingine Maskini. Na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba wenye nyumba wengi katika vijiji hivyo walikuwa wanawake. Walipata fedha kwa njia mbalimbali, wakajenga vyumba, wakapangisha, wakarithisha. Mwanamke aliyekuwa hana mume wala ndugu mjini aliweza kuwa na paa lake mwenyewe.

Walakini paa lilikuwa lake, ardhi haikuwa yake. Mwenye nyumba wa Pumwani aliilipa manispaa kodi ya kiwanja, na kiwanja kilibaki cha manispaa. Vile vijiji vya awali vilibomolewa kimoja baada ya kingine, na Pangani, kilichodumu kuliko vingine, kikaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo. Hapakuwa na jaji wa kumwendea. Mwafrika wakati ule hakuwa na kura, wala hakuwa na mahakama iliyomtambua kuwa mwenye haki dhidi ya manispaa. Alipoambiwa ahame alihama, na akiuliza kwa sheria gani, huenda hakujibiwa kabisa. Mwenye nguvu mpishe: ndivyo wazee walivyousia, na katika dunia yao usia huo ulikuwa ni busara ya kujinusuru.

Katiba ya 27 Agosti 2010 iliufuta usia huo kwa maandishi. Ibara ya 159 inasema kwamba mamlaka ya mahakama yanatokana na watu. Hayatokani na Rais wala Bunge. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayotosheleza, pamoja na usafi wa mazingira na maji safi ya kutosha. Na ibara ya 22, ambayo twaomba kila mama aijue kwa nambari kama anavyoijua nambari ya simu yake, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili yake au kwa ajili ya wenziwe haki zao za msingi zinapovunjwa, na inakataza mtu kutozwa ada ya kulifungua shauri la namna hiyo. Hata barua ya kawaida, pale inapobidi, yaweza kupokewa.

Ni hapo ndipo tunapoiona demokrasia kwa maana yake pana. Kupiga kura ni siku moja katika siku 1,826 za miaka mitano. Siku zote zilizobaki mtawala anakuwa na polisi, na bajeti, na matingatinga, na raia anakuwa na sheria peke yake. Ikiwa sheria haimfungi mtawala katika siku hizo, basi ile siku moja ya foleni na wino wa kidoleni haimtoshi mtu kitu.

Wa kwanza kuyasema hayo kwa umma baada ya Katiba mpya alikuwa Willy Mutunga, mtangulizi wa Maraga. Tarehe 19 Oktoba 2011, akiwa na siku 120 tu ofisini, alitoa taarifa hadharani juu ya hali ya Mahakama aliyoikuta, na hakuipaka rangi. Alieleza kwamba aliikuta taasisi dhaifu, maskini wa rasilimali na wa uadilifu, isiyoaminiwa na umma, na kwamba ofisi yenyewe ya Jaji Mkuu ilikuwa ikiendeshwa kama kiti cha mfalme asiyehojiwa. Ni yeye pia aliyeachana na zile nywele za bandia ambazo majaji walizirithi kwa Waingereza, jambo ambalo baadhi ya mawakili walilililia kama waliofiwa. Alipostaafu mwaka 2016 hakujificha katika majumba ya kifahari; ameonekana mara nyingi akikaa na vijana katika vituo vya haki vya mitaani, kama kile cha Mathare, akizungumza nao juu ya Katiba. Jaji Mkuu mstaafu kwenye kiti cha plastiki, kijana wa mtaa akimuuliza maswali: hicho nacho ni chuo cha sheria.

Je, hiyo sheria ilipoitwa na watu wa Eastlands, iliitika? Wakati mwingine iliitika, na shauri la Muthurwa ni mfano unaofaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa halikuwa jepesi kama wengi wanavyolisimulia.

Muthurwa ni mtaa wa kale uliojengwa na shirika la reli kwa wafanyakazi wake, karibu kabisa na katikati ya mji. Baada ya shirika kuporomoka, mtaa ulikabidhiwa mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi wa reli ili mali hiyo iwalipe wastaafu pensheni zao. Mwaka 2010 wadhamini wa mfuko waliwapa wapangaji notisi wahame, nyumba zibomolewe, pajengwe majengo ya biashara. Kisha maji yakakatwa na vyoo vikaanza kufungwa, watu wangali ndani. Wapangaji, ambao baadhi yao walikuwa wenyewe ni wastaafu wa reli na watoto wao, wakaenda Mahakama Kuu na ombi nambari 65 la mwaka huo.

Mwaona ugumu wake. Upande huu kuna wapangaji ambao hawana pa kwenda. Upande ule kuna wazee wengine, waliotandaza reli na kuendesha magari moshi maisha yao yote, wanaongoja pensheni itokane na mali hiyohiyo. Jaji Isaac Lenaola alipotoa hukumu tarehe 30 Agosti 2013 hakusema kwamba wapangaji watakaa milele. Alikubali kwamba mfuko una haki ya mali yake. Lakini alisema kwamba kumwondoa mtu kwa kumkatia maji na kumfungia choo ni kumvunjia utu, na kwamba haki ya makazi iliyo katika Katiba inadai mashauriano, notisi ya kutosha na utaratibu wa kibinadamu. Akaamuru pande mbili zikae pamoja zitengeneze ratiba ya kuhama. Akasikitika hadharani kwamba Kenya haikuwa na sheria yoyote ya kuongoza uhamishaji wa watu, akaitaka serikali ieleze inafanya nini juu ya hilo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Twaitaja methali hii kwa kuwa hukumu ya Muthurwa inaifuata kwa karibu: waliotakiwa kuhama walibaki kuwa ni wenye kuhama, lakini haki yao ndani ya kuhama huko ilipimwa na kutajwa kwa jina.

Wenzetu wa Garissa walikuwa wametangulia katika njia hiyo. Mwaka 2011 wakazi zaidi ya 1,000 wa eneo la Medina, nyumba zao zikiwa zimebomolewa na kuachwa juani, walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Embu. Jaji Aggrey Muchelule aliwapa ushindi mwezi Novemba mwaka huo, akaamuru warudishwe na kila mmoja alipwe fidia ya shilingi 200,000. Jina la jaji huyo tutakutana nalo tena.

Na hatimaye suala lenyewe lilifika Mahakama ya Juu, kupitia kijiji cha Mitumba kilichokuwa kando ya uwanja wa ndege wa Wilson. Watu zaidi ya 15,000 waliondolewa hapo mwezi Novemba 2011, nako pia amri ya mahakama ikiwa imekwisha kutolewa. Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki mwaka 2013. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2016. Mahakama ya Juu ikatoa neno lake tarehe 11 Januari 2021, katika wiki ileile aliyostaafu Maraga. Ilisema kwamba maskini asiye na ardhi aliyejenga makazi juu ya ardhi ya umma hapati hati ya kuimiliki, lakini anapata haki ya makazi inayolindwa na Katiba, na hawezi kufagiliwa mbali kama takataka. Shauri likarudishwa chini ili nafuu ya watu hao ipangwe. Tangu kubomolewa hadi hukumu hiyo ilipita miaka 9 na ushei. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ya matingatinga alikuwa amekwisha kufika darasa la tatu.

Twasema haya ili tusiwadanganye wasomaji wetu. Mahakama ni polepole. Mahakama ni mbali. Mara nyingine hushinda mtu karatasini akashindwa kiwanjani, kama Kariobangi. Lakini hukumu hizo hazikupotea hewani. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha sheria za ardhi, na sasa Kenya ina kanuni za uhamishaji ambazo Jaji Lenaola alizililia. Notisi iwe ya miezi mitatu au zaidi. Kwa ardhi ya umma itangazwe katika gazeti rasmi la serikali, katika gazeti la kawaida na redioni. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kabla siku haijafika. Wanaokuja kuhamisha watu waoneshe vitambulisho na idhini yao. Watoto, wanawake, wazee na wenye ulemavu walindwe. Na mwenye nyumba apewe fursa ya kwanza ya kuibomoa mwenyewe na kuokoa mabati na mbao zake.

Pima kanuni hizo na yaliyotokea Mathare mwezi Mei 2024. Mafuriko ya masika yale yaliua watu wengi, na serikali ikaamuru waliojenga katika mita 30 kutoka mtoni waondoke mara moja. Hatari ilikuwa ya kweli. Hakuna mwenye akili anayetaka watoto walale kwenye njia ya maji. Lakini watu walipewa saa, hawakupewa miezi, na matingatinga yalifika ilhali wengi hawajui wanakwenda wapi. Rais William Ruto alikwenda Mathare akaahidi kila familia shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwingine. Mama yeyote aliyepanga chumba Nairobi anajua kwamba ukitoa kodi ya mwezi, na amana ya mwenye nyumba, na gari la kubebea vitu, shilingi hizo hazifiki mbali. Dharura huipunguza notisi, hilo twalikubali. Hatuoni ni vipi yaweza kuufuta wajibu wa kumwonesha mtu pa kwenda.

Tuwageukie akina mama wenyewe kwa maneno machache ya vitendo. Katika mashauri haya yote, kilichowabeba watu mahakamani kilikuwa ni karatasi: risiti za kodi, barua ya kugawiwa kiwanja, hati ya maji, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la mtaa. Karatasi hizo aghalabu zina jina la mume, na mume akifa au akiondoka, mjane huwa mgeni katika nyumba aliyoipiga lipu kwa mikono yake. Ni vyema jina la mke liandikwe mapema, na nakala ziwekwe kwa ndugu mwingine nje ya mtaa, au zipigwe picha katika simu, kwani tingatinga halingoji mtu afungue kabati. Anayehitaji wakili na hana fedha ajue kwamba ipo sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016, na wapo Kituo Cha Sheria, wenye ofisi Nairobi na Mombasa, na FIDA kwa mashauri ya wanawake. Kwa mirathi na talaka za Waislamu mlango ni wa Kadhi kama kawaida. Kwa ardhi na kuhamishwa, hata mwenye shauri akiwa Mwislamu, mlango ni ule wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi huchanganya milango hii wakapoteza miezi.

Maraga hakukomea kwenye kauli ya Juni. Tarehe 21 Septemba 2020 alimshauri Rais alivunje Bunge, kwa sababu lilishindwa kutunga sheria ya kuhakikisha kwamba hakuna jinsia inayozidi thuluthi mbili ya viti, ingawa Katiba inalitaka na mahakama ziliamuru zaidi ya mara moja. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji wa ushauri huo, Bunge likabaki hadi uchaguzi wa 2022, na wanawake wakabaki wachache kama walivyokuwa. Walioona kwamba alivuka mpaka wapo, tena wenye elimu. Sisi twaona kwamba Katiba yenyewe ndiyo iliyompa kazi ile ya kumshauri Rais, naye aliifanya.

Mzee huyo siku hizi ameingia katika siasa na ametangaza nia ya kuwania urais mwaka 2027. Jarida hili halimpigii debe wala halimpingi. Maneno yake ya 2020 aliyasema akiwa jaji, na ukweli wake haungoji matokeo ya kura zake.

Wale majaji 41 je? Mmoja alifariki dunia akiwa bado anangoja. Tarehe 3 Juni 2021, karibu mwaka mzima baada ya ile kauli, Rais Kenyatta aliwateua 34 na kuwaacha 6. Miongoni mwa walioachwa walikuwamo Joel Ngugi na George Odunga, majaji wawili kati ya watano ambao wiki tatu tu nyuma, tarehe 13 Mei, walikuwa wameubatilisha mpango wa Rais wa kuibadilisha Katiba. Alikuwamo pia yule Aggrey Muchelule aliyewarudishia watu wa Medina nyumba zao. Walikuwamo na wawili wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hao sita waliapishwa na Rais mpya tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya yeye mwenyewe kula kiapo, miaka mitatu tangu Tume ilipowateua na miaka miwili na miezi minne tangu ile asubuhi ya Ramadhani Kariobangi.